Lukumani na Korongo la Shusha

Siku hizi mtu akitaka picha hunyoosha mkono, hubofya, na kabla hajafika nyumbani amekwisha kuifuta. Mjini Tabora palikuwa na mtu aliyeweza kushinda siku tatu na picha moja, na akitoka nayo chumbani watu waliacha walichokuwa wakisema. Alikuwa Lukumani bin Nassibu, msafishaji wa picha katika studio ya Kassamali. Hakuwa na cheti, wala jina lake halikuwahi kuandikwa popote. Mji mzima ulikaa mbele ya kamera ya Kassamali, lakini ni mikono ya Lukumani iliyoamua nani atatoka na macho na nani atatoka na mashimo mawili ya giza.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na taa moja nyekundu, masinia matatu ya dawa, na mashine ya kukuzia iliyopitisha mwanga katika negativu, ile filamu iliyokwisha kusafishwa, na kuumwaga juu ya karatasi. Karatasi ikipata mwanga mwingi hugeuka nyeusi, ikipata kidogo hubaki nyeupe. "Elimu yote ni hiyo," Kassamali alikuwa akisema. "Yaliyobaki ni mkono." Na mkono wa Lukumani ulikuwa mkono kweli. Alikuwa na duara la kadi kwenye ncha ya waya, na kwa hilo alikinga mwanga pale asipotaka giza lizidi. Palipohitaji giza zaidi alikutanisha viganja viwili, akaacha tundu katikati, mwanga ukapita hapo tu.

Muda aliupima kwa hatua. Baba yake, Nassibu, alikuwa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, nchi ya Tabora, hadi Bagamoyo, na kabla ya kufa alimrithisha mwendo wa njia ile: mguu, pumzi, mguu, pumzi, mwendo usioongezeka mteremkoni wala kupungua mlimani. Lukumani alisimama palepale penye mashine, akatembea moyoni. Uso aliupa hatua nane, kanzu hatua tano. Kwa mwendo huo picha mia za kitambulisho zilitoka kama zimezaliwa na mama mmoja.

Kassamali alikuwa na amri moja ambayo Lukumani aliishika kuliko nyingine zote. "Nukta nyeupe ni vumbi, na vumbi ni aibu ya studio." Chembe ya vumbi ikikaa juu ya negativu huzuia mwanga, ikaacha nukta nyeupe pichani. Kwa ajili hiyo Lukumani alikuwa na brashi ya nywele tatu na kisahani cha wino uliozimuliwa kwa maji. Aliua kila nukta nyeupe aliyoiona. Hakuna bibi arusi wa Tabora wa miaka ile aliyepata picha yenye doa.

Mwaka serikali ilipochukua nyumba za kupangisha, Kassamali alipoteza ghorofa yake, akafunga masanduku. Alimwachia Lukumani funguo, kamera moja, na boksi la karatasi ngumu, zile zinazotoa weusi wa makaa na weupe wa chokaa bila kijivu kingi katikati.

"Hizi usizichezee kwa picha za kitambulisho," alimwambia. "Hizi zingoje picha."

Zikangoja. Dawa ziliadimika, karatasi zikaadimika, na watu walipanga foleni hata ya sabuni. Enzi ile tulipungukiwa na kila kitu isipokuwa ustadi. Leo madukani vimejaa vyote isipokuwa huo.

Basi, Lukumani alikuwa na shangazi, Mwanamkuu, dada mdogo wa baba yake, aliyeishi mtaa wa Ng'ambo katika nyumba ya udongo yenye ua uliofagiwa hadi ukang'aa. Bibi huyu alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho mjini waliowahi kuitembea njia ya pwani kwa miguu yao. Aliitembea akiwa msichana wa miaka minane, kabla reli haijafika Tabora, akirudi kutoka Bagamoyo na baba yake mpagazi, kaka yake Nassibu, na mama yake Mwanajuma. Walipofika Mgunda Mkali, lile pori kavu lililo kati ya Ugogo na Unyanyembe, homa ikamshika Mwanajuma. Alikata roho katika korongo la mawe ambalo wapagazi waliliita Shusha, kwa kuwa hapo kila mtu alishusha mzigo kabla ya kupanda upande wa pili. Wakamzika chini ya ukuta wa korongo. Kila mpagazi akaokota jiwe jeupe katika mchanga, akaliweka juu ya kaburi. Msafara uliofuata uliongeza mawe yake, na uliofuata huo vivyo hivyo, maana ndiyo ilikuwa desturi: mwenzako akilala njiani, humpiti mikono mitupu.

Mwanamkuu hakurudi tena Shusha. Alikuwa akisema, "Nitakwenda," hata miguu ikakataa, kisha macho nayo. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuzimika. La kulia liliona kama mtu anayetazama ndani ya bakuli la uji: cheusi alikiona, cheupe alikiona, vilivyo katikati vilipotea.

Kiangazi cha mwaka 1973 aliingia studio kijana mrefu, Anselm, mpimaji wa maji wa serikali, aliyetaka filamu. Alikuwa anakwenda Mgunda Mkali. Kijiji kipya cha Ujamaa kilikuwa kinaanzishwa huko, na korongo moja lilikuwa lizibwe kwa ukuta wa udongo, liwe lambo, ili mvua zikija watu na ng'ombe wapate maji.

"Korongo gani?" Lukumani aliuliza, huku akipiga hesabu ya filamu zilizobaki.

"Wazee wa huko wanaliita Shusha."

Lukumani alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba, akampeleka kijana yule Ng'ambo.

"Shikamoo, bibi," Anselm alisema mlangoni.

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya wapi?"

"Kilimatinde, bibi. Mimi Mgogo."

"Mgogo!" Bibi alipiga makofi. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu zama za misafara, na utani huo ulikuwa haujamtoka hata chembe. "Ondoa huyu nyumbani mwangu, Lukumani! Babu zake walitutoza hongo ya njiani, shuka mbili kwa kata moja ya maji ya matope!"

"Nimekuja kuona kama maji yetu yaliwanenepesha," Anselm alisema. "Naona yalipotea bure."

Bibi alicheka hata akajifuta jicho lake lionalo kwa ncha ya khanga. Alipoambiwa habari ya lambo, kicheko kikakatika. Akavuta mkeka akaunyoosha pale ulipokuwa tayari umenyooka.

"Sikatai watu wapate maji," alisema. "Mama yangu alikufa ulimi ukiwa mkavu. Hata yeye angesema chimbeni. Lakini nataka nipaone kabla hapajazama na kabla jicho hili halijafungwa. Mtani, niletee picha. Nawe Lukumani uifanye nipate kuiona. Sitaki jingine."

Anselm alirudi baada ya siku tisa na filamu moja, vumbi la Itigi, stesheni ya kuingilia pori lile, limejaa hadi kwenye kope zake. Lukumani aliisafisha siku ileile. Kijana alikuwa amepiga picha ya korongo saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ilikuwa picha ya kweli na haikuwa na faida yoyote. Mbingu ilikuwa nyeupe, mchanga kijivu, kuta za mawe kijivu, mpaka wa kimoja na kingine hauonekani. Mtu mwenye macho mazima angeona nguo iliyofuliwa ikafuliwa tena. Mwanamkuu asingeona kitu.

Lukumani aliteremsha boksi la Kassamali kutoka kabatini. Ndani zilikuwamo karatasi ngumu tatu tu, zilezile alizoachiwa.

Siku ya kwanza hakugusa hata moja. Alikata vipande vya karatasi laini za kila siku, akajaribu, akatupa, akajaribu. Alikuwa anajifunza lile korongo kama mtu anavyojifunza uso wa mgeni. Siku ya pili alitoa karatasi ngumu ya kwanza. Ukuta wa kulia ukawa pande moja la lami, nyufa zote zimezama. Akaitupa. Siku ya tatu alikuwa na hesabu kamili kichwani. Picha nzima aliipa hatua kumi, na ndani ya hatua hizo aliukinga ukuta wa kulia kwa duara la kadi ili nyufa zipumue, waya ukitikisika daima ili usiache alama. Kisha akakutanisha viganja, akaipa mbingu hatua kumi na nne zaidi, akiteremsha mikono polepole hadi ukingo wa korongo. Mchanga wa chini hakuuongezea kitu. Akaitia karatasi katika sinia, akaitikisa, akangoja.

Ilikuja. Kwanza ukingo, mweusi kama umechanjwa kwa wembe. Kisha mbingu nzito, mfano wa mbingu iliyobeba mvua, na chini yake kuta mbili zilizosimama, kila mstari wa jiwe juu ya mwenziwe. Katikati mchanga mweupe ulipinda na kupotea nyuma ya kona. Lukumani aliitazama chini ya taa nyekundu akasahau kuvuta pumzi. Miaka thelathini na mitano alikuwa amewasafisha watu waliotaka nyuso zao ziwe nyeupe kuliko walivyozaliwa. Hakuna aliyewahi kumletea nchi.

Ilipokauka aliitoa mlangoni penye mwanga akaichunguza. Ilikuwa na vumbi jingi, kama alivyotarajia kwa filamu iliyobadilishwa porini. Akaketi na brashi yake ya nywele tatu, akaua nukta moja baada ya nyingine. Mbinguni ziliuawa kumi na tano. Chini ya ukuta wa kushoto, ndani ya kivuli, palikuwa na kishada cha nukta zilizosongamana kama mayai ya mdudu. Hizo alizichukia zaidi. Alizifunika zote kwa weusi ule ule wa kivuli, kwa ufundi ambao malaika asingeugundua.

Kesho yake asubuhi walimketisha bibi uani, jua likiwa mgongoni mwake. Alipewa picha. Aliisogeza hadi pua ikakaribia kuigusa, akaihamisha kushoto na kulia mbele ya jicho lake.

"Naona," alisema. "Naona mbingu. Ule ni ukuta. Ule mwingine." Kidole chake kilitembea juu ya karatasi, kikashuka kwenye mchanga, kikaenda kushoto, kikasimama. Kikarudi. Kikaenda tena.

"Hapa sipo."

"Ndipo, bibi," Anselm alisema. "Nilisimama pale mwenyewe."

"Mama yuko wapi? Alilala chini ya ukuta huu, kwenye kivuli. Mawe yake yalikuwa meupe kama chumvi, mtu aliyaona kutoka juu ya ukingo. Hapa pana giza tu." Aliiweka picha mkekani taratibu. "Mtani, kule makorongo ni mengi. Ulipiga la jirani. Si kosa lako, Wagogo hata njia ya kwenda kwenu mliuliza kwetu."

Alisema kwa utani, lakini sauti yake haikuwa na utani. Anselm alitazama chini. Alianza kueleza habari ya ramani, akaacha.

"Labda nilikosea, bibi," alisema. "Kweli makorongo yanafanana."

Lukumani alikuwa amesimama nyuma yao. Mkono wake wa kulia ulikuwa baridi, kwa sababu mkono ulijua kabla ya kichwa. Kishada cha nukta, chini ya ukuta wa kushoto, ndani ya kivuli.

Hakusema. Na aelezwe alivyokuwa, maana walimwengu wa leo humsifu mtu kwa kumfanya malaika. Alikuwa fundi, na fundi wa siku zile hakuwa na mali nyingine zaidi ya jina la kutokosea. Aliichukua picha akaondoka na lawama akamwachia kijana. Alifika studio, akatoa negativu, akaiweka juu ya kioo chenye mwanga na kuitazama kwa lenzi. Katika negativu mambo hugeuka, cheupe huwa cheusi. Pale chini palikuwa na vidoa vyeusi. Alivipuliza. Alivipitishia brashi kavu, kisha kitambaa cha hariri. Vumbi hukaa juu ya filamu, ukilipuliza huondoka. Hivi havikuondoka. Vilikuwa ndani ya filamu, kwa kuwa vilikuwa mawe.

Alikuwa amemfuta bibi yake, mama wa baba yake. Amemfuta vizuri.

Siku mbili alifanya picha za kitambulisho. Siku ya tatu alikwenda Ng'ambo mikono mitupu. Anselm alikuwapo, amemletea bibi mtama, anarudi Itigi kesho yake kuanza kazi ya ukuta. Bibi alikuwa akimtania, lakini kidogo, kama mtu anayemalizia chumvi.

"Shangazi," Lukumani alisema akiwa bado amesimama. "Kijana huyu hakukosea. Korongo ndilo. Mawe yalikuwapo. Mimi nilidhani ni vumbi, nikayapaka wino."

Kuku alipita uani akitafuta punje. Anselm aliinua macho.

"Uliyapaka wino," bibi alirudia.

"Kwa mkono wangu."

"Mimi siku mbili nimelala nikijua mama yangu amepotea."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuja juzi." Kisha akamgeukia Anselm. "Na wewe ukakubali kosa lisilo lako! Mgogo mjinga. Babu zako wangetoza faini."

"Nilikuwa nangoja uwe na nguvu, bibi, nikutoze zote pamoja."

Bibi hakucheka, lakini mdomo wake ulisogea. "Lukumani," alisema, "rudi kazini kwako ukamfufue."

Ilibaki karatasi moja. Alipoiweka chini ya mashine alishtuka kuona kuwa hesabu haikai kichwani. Akasimama, akafumba macho, akatembea hatua ishirini bila kufanya kitu, mguu, pumzi, mguu, pumzi, hadi mwendo wa baba yake ukarudi. Mbingu aliipa zilezile kumi na nne. Ukuta wa kulia aliukinga. Lakini kivuli cha kushoto, ambacho mara ya kwanza alikiacha kijichukulie, sasa alikipa hatua tano za ziada ili kizidi weusi, na pale penye mawe aliweka duara dogo kuliko yote aliyowahi kuyakata, ukubwa wa punje ya choroko, akalishika lisisogee zaidi ya upana wa unyuzi. Kilichokuwa cheupe kikabaki cheupe. Kilichokizunguka kikawa usiku.

Ilipokauka aliua vumbi la mbinguni, nukta kumi na tano, kila moja akiitazama kwanza kwenye negativu kwa lenzi. Hakugusa brashi chini ya ukingo wa korongo. Palibaki mkwaruzo mmoja mchangani ambao Kassamali asingeuvumilia. Akauacha.

Alasiri ileile Mwanamkuu aliishika picha akaisogeza puani. Kidole kilishuka mchangani, kikaenda kushoto, kikafika kwenye giza, kikasimama. Hakikurudi.

"Lo," alisema. "Wamemwongezea."

"Nini, shangazi?"

"Mawe. Nilipomwacha yalifika hapa." Aliinua mkono hadi kwenye goti lake. "Sasa ni rundo. Watu wamepita, wamemwongezea." Machozi yalishuka kutoka macho yote mawili, lile lionalo na lile lisiloona. "Waliitwa nani, watu wale? Hawakumjua. Walipita tu na mizigo yao, wakainama."

Alikaa na picha ile hadi jua likahama na kivuli cha nyumba kikamfikia. Hapo ndipo alipopapasa kando ya ukuta wa ua, akaokota jiwe dogo, akalifuta kwa khanga, akamkabidhi Anselm.

"Mazishi ni kazi ya mtani," alisema. "Mpelekee kabla hamjaleta maji. Usilitupe ukishapita kona, nitajua."

"Nitalibeba kama hongo, bibi."

"Nami nakwenda," Lukumani alisema.

Wote wawili walimgeukia, maana mtu huyu hakuwa amevuka stesheni ya Malongwe tangu azaliwe. Asubuhi alitundika mlangoni pa studio kibao cha kufungwa, akapanda treni pamoja na Anselm, mfukoni ana jiwe lake mwenyewe, alilolichagua jeupe.

Walifika Shusha siku ya pili, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Lukumani alisimama ukingoni akatazama chini. Mbingu ilikuwa nyeupe, mchanga kijivu, kuta kijivu. Korongo halikufanana na picha yake hata kidogo. Vibarua walikuwa wamekwisha kuanza kumwaga udongo kwenye mdomo wake, na sauti za majembe zilipanda juu. Aliteremka kwa kushika mawe, mzee wa chumba cha giza anayefumba macho kwa mwanga, hadi kwenye rundo lililofika kifuani pake. Anselm aliweka jiwe la bibi. Lukumani aliweka lake. Akasoma Fatiha.

Alipomaliza hakuondoka. Jua lilikuwa limesogea, kivuli cha ukuta kimeyaacha mawe yale, yamefifia, hayasomeki. Aliinua mkono wake wa kulia, akautandaza juani kando ya rundo, kivuli cha kiganja kikaangukia mchanga wa pembeni, na mawe yakatokea. Akasimama hivyo kama yuko penye mashine, akiutikisa mkono kidogo kidogo ili usiache alama, midomo ikihesabu hatua.

Anselm alimwita mara mbili, kisha akaketi juu ya mwamba kumngojea.